Wewe ni wa Ngapi? Maneno kwa Waswahili Wanaocheza Tenisi Atlanta

Haya ni maneno juu ya namba zinazopima kiwango cha mchezaji wa tenisi, na namna ya kumpata mtu mnayelingana naye. Niliyasema Jumamosi moja ya Juni, chini ya banda la bustani ya umma kaskazini mwa Atlanta, mbele ya watu kama arobaini hivi wanaocheza tenisi au wanaotaka kuanza. Wengi waliomba niyaandike. Nimeyaacha kama nilivyoyatamka, isipokuwa pale nilipokatizwa na mtoto aliyekuja kuulizia soda.

Shikamooni wazee wangu. Dada na kaka, hamjambo. Na ndugu zetu wa Clarkston, kule pembezoni mwa mji, mliobadilisha basi mara mbili mkiwa na raketi mgongoni, karibuni sana, safari hiyo naijua.

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, na amekaa pale mbele anatazama saa, kwa hiyo nitaanza moja kwa moja na aibu yangu mwenyewe.

Nilishika raketi kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 38. Nikalipia mafunzo ya wiki sita kwenye viwanja vya kaunti. Mwalimu anatoa mpira kapuni, ananirushia, napiga, unakwenda. Fohendi yangu, pigo la upande wa mkono unaoshika raketi, ikawa nzuri, hata mwalimu alisema hivyo. Ilipofika Agosti, mwenzangu mmoja kazini akaniuliza nacheza kiwango gani. Nikamjibu, "Wastani hivi, si mbaya." Akasema ana rafiki yake ambaye naye ni wastani, ana watoto wawili wadogo, anapata nafasi asubuhi moja tu kila baada ya wiki mbili, na anatafuta mtu wa kucheza naye. Tukaunganishwa.

6-0, 6-0, yaani seti zote mbili sikupata hata gemu moja. Dakika 41. Nazikumbuka dakika hizo kwa sababu nilikuwa nimelipia maegesho ya saa mbili.

Kufungwa hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni seti ya pili, pale yule bwana alipoanza kunionea huruma. Aliacha kupiga, akawa anausukuma mpira taratibu, unadunda mbele ya magoti yangu, kama mtu anayewatupia vifaranga pumba. Na mimi bado naupeleka kwenye neti. Mwisho akanipa mkono, akasema mchezo ulikuwa mzuri, akaingia garini. Nilimwandikia ujumbe mara tatu. Mpaka leo sijajibiwa.

Nilisema ana maringo. Nilisema mengine pia ambayo sitayarudia hapa mbele ya wazee. Ilipita miaka miwili ndipo nikaelewa kwamba mimi ndiye niliyemkosea. Alikuwa na asubuhi moja katika wiki mbili, nami nikaila yote kwa neno moja, "wastani".

Sasa nataka niwarudishe nyumbani kidogo. Nimezaliwa Tanga, Ngamiani. Mjomba wangu alikuwa mtu wa bao. Akishaswali alasiri, utamkuta barazani, na hapo hatoki mpaka magharibi. Sijamsikia hata siku moja akimuuliza mtu, "Wewe ni wa kiwango gani?" Aulize ya nini? Baraza lilikuona tangu ukiwa mtoto, umekaa pembeni na bao la kujifunza. Likakuona ulipoingia bao la kiswahili. Linamjua unayemfunga, linamjua anayekufunga, na linamjua yule unayemkwepa kwa kisingizio cha kichwa kinauma. Akija mgeni, anapewa kahawa, anakaa anatazama, na watu wanamsikiliza anavyoguna. Akiguna kabla mchezaji hajainua mkono, wanajua huyu anaona mbele. Akiguna kete zikishaliwa, wanajua huyu ni mtazamaji tu. Kabla hajakaribishwa kuketi, mjomba ameshajua kama atacheza naye kwa kunyamaza au atacheza huku akipiga soga.

Hapa Atlanta baraza hilo hatuna. Kila mtu yuko ndani ya gari lake, barabara ya 285 inayouzunguka mji imejaa, na anayekusubiri uwanjani hajawahi kukuona. Wenyeji wa hapa wana shida hiyohiyo, kwa sababu mji ni mkubwa na watu wanahamahama. Kwa hiyo wakaandika namba. Nyinyi mnaoiona ile namba kama cheti, au kama hukumu, naomba mbadilishe macho. Namba ile ni baraza la watu wasiojuana. Kazi yake ni kumwambia mtu asiyekufahamu kile ambacho Ngamiani kingejulikana bila kusemwa.

Mfumo mtakaoukuta kila mahali hapa unaitwa NTRP. Ni wa chama cha tenisi cha Marekani, USTA, na umekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Namba zinapanda kwa nusu nusu. Mtu aliyeshika raketi juzi ni 1.5, na wale mnaowaona kwenye televisheni ni 7.0. Ligi za watu wazima kama sisi nyingi ziko kati ya 2.5 na 5.0, na umati wenyewe umejaa kwenye 3.0, 3.5 na 4.0.

Wa 2.5 bado anajifunza kukisia mpira utadunda wapi. Anaweza kurudishiana na mwenzake mipira michache ya polepole, ila kila mpira kwake ni habari mpya. Wa 3.0 mpira wa kasi ya kawaida anaurudisha vizuri tu. Shida inaanza anapotaka kuuamuru, uende kona ile, au ufike mbali, au uwe na nguvu, hapo mpira unamgomea. Mkimtazama akicheza wawili wawili mtamjua haraka: mmoja yuko netini, mwenzake yuko nyuma, na hivyo ndivyo watakavyokaa mpaka mechi iishe, kama mwenye duka na mlinzi wake. Akifika 3.5 anaanza kuchagua upande, anasogea netini bila kusukumwa, na yeye na mwenzake wanaanza kuelewana bila kupigiana kelele. Anachokosa ni urefu wa mpira, mingi inaangukia katikati ya uwanja, na mapigo yake ni ya aina moja moja. Wa 4.0 pande zote mbili zinategemeka, lobu ya kukupitia juu ya kichwa anayo, voli ya kupiga mpira kabla haujadunda anayo, na sevu yake, pigo la kuanzisha pointi, mara mojamoja inakushinda kuirudisha. Pointi zake nyingi anazipoteza kwa kukosa subira. Kuanzia 4.5 kuna nguvu na mzunguko wa mpira ambao sisi wengi hapa tutauonja tukiwa upande wa pili wa neti, kwa hiyo sitapoteza muda huko.

Mkiniuliza mimi, siangalii sevu ya kwanza ya mtu. Sevu ya kwanza kila mtu ni bingwa, anarusha mpira juu, anaguna, anapiga kwa nguvu zote za ukoo wake, unagonga uzio. Naangalia ya pili, ile unayopewa ukiikosa ya kwanza. Ya pili inakuja kama mtu anayeomba radhi? Basi tuko 3.0, karibu nyumbani. Inakuja kwa mwendo uleule wa mkono, ina mzunguko, inaingia mara nane katika kumi? Nitakwenda kuuliza kama kuna uwanja mwingine. Hicho ni kipimo changu, hamtakikuta kwenye karatasi ya USTA.

Kosa kubwa tunalolifanya ni kujipima kwa uzuri wa pigo. Mimi nilipojiunga na ligi nilijaza ile fomu ya kujipangia daraja mwenyewe, maana mgeni asiye na rekodi ndivyo anavyoanza, na moyoni nilijiona 4.0 kabisa. Kwa bahati rafiki mmoja akanishika mkono, akaniambia weka 3.5 kwanza. Mechi yangu ya kwanza ya mmoja kwa mmoja nikapangiwa mzee wa miaka kama 70. Goti moja limefungwa bendeji nyeusi, mpini wa raketi umezungushiwa utepe juu ya utepe mpaka umekuwa mnene kama mchi. Anashika raketi kama mwiko wa ugali. Bekihendi yake, pigo la upande wa pili, haikuwa bekihendi, ilikuwa kukata tu, chwa, mpira unavuka neti sentimita mbili, unadunda, unalala. Nikiukimbilia mbele, wa pili unakuja juu ya kichwa changu, tena kwenye jua, maana alishapima jua liko wapi kabla hatujaanza. Nilipiga fohendi tatu nzuri sana siku ile. Nikafungwa 6-2, 6-1.

Baadaye tumekaa kwenye benchi nikamuuliza yeye ni wa ngapi. Akasema 3.5, tangu zamani. Na kompyuta ya USTA inayopanga namba ilikuwa sahihi kabisa, kwa sababu haioni pigo. Inaona ulicheza na nani, naye ni wa ngapi, na gemu zimekwenda ngapi kwa ngapi, basi. Ukiwa na fohendi ya televisheni na bekihendi ya kuogopa, wewe ni wa bekihendi yako, maana huko ndiko mpira utakakoletwa.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawaambiwi, wakalipata kwa machozi. Ndani ya namba moja kuna ngazi nyingi. Kompyuta inakupima kwa sehemu za mia, haikuonyeshi, halafu mwishoni mwa mwaka, mwanzoni mwa Desemba, inakutangazia nusu iliyo juu yako. Aliye 3.01 na aliye 3.50 wote wanaitwa 3.5. USTA wenyewe wanasema wa juu kabisa katika daraja akikutana na wa chini kabisa katika daraja hilohilo, 6-0, 6-0 ni matokeo ya kawaida. Kwa hiyo dada yangu, ukipandishwa Desemba halafu Februari ukafungwa mechi nne mfululizo, hujaharibika. Umehama mkiani mwa ghorofa la juu kutoka kichwani mwa ghorofa la chini. Na tukumbuke kwamba 4.0 ya wanawake na 4.0 ya wanaume hazilingani, kwa sababu ligi zao kwa sehemu kubwa zinapimwa kila moja peke yake. Wale mnaotafuta wa kucheza nao bila kujali mwanamke au mwanamume, ulizeni zaidi ya namba.

Zipo namba nyingine. UTR inakwenda kutoka 1 mpaka kama 16.5, inaangalia mechi zako hadi 30 za miezi 12 iliyopita, na inawaweka wanawake, wanaume, watoto na wazee kwenye ngazi moja. Hiyo ndiyo makocha wa vyuo hapa Marekani wanaitazama sana. Wazazi mliokaa pale nyuma mnaoota mtoto apate nafasi ya chuo kwa raketi, anzeni kuifahamu mapema. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyetwaa taji la wasichana la wawili wawili Wimbledon mwaka 2022 na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alikuja kuchezea chuo kikuu cha Auburn kule Alabama, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapa tulipokaa. Ya tatu ni WTN ya shirikisho la tenisi la dunia, yenyewe imegeuzwa kichwa chini: anayeanza ni 40 na bora kabisa ni 1. Mtu akikwambia "mimi ni thelathini na mbili", usikimbie.

Halafu kuna ALTA, ambayo ni yetu wana Atlanta. Chama kilianza mwaka 1934, na sasa kina maelfu kwa maelfu ya wachezaji, hata mtaa wenye viwanja viwili tu una timu. Wao wanatumia herufi: C, B, A, na juu kabisa AA, kila herufi ikiwa na vidaraja vyake. Kwa kawaida timu inatoa jozi tano, wote wawili wawili. Timu ikishinda kundi lake inapewa vile vibandiko vya kuning'iniza kwenye begi. Nimemwona daktari mzima wa moyo akikinyanyua kibandiko chake kumwonyesha mgeni kabla hajamwambia jina lake. Na wenyeji wa mechi ndio wanaoandaa meza ya chakula. Timu yetu ilipoanza kupeleka sambusa na mishikaki, wapinzani walianza kutuuliza ratiba ya marudiano kabla hawajauliza matokeo.

Sasa nije kwenye letu sisi, maana hapa ndipo pagumu. Kiswahili hakitaki mtu ajisifu. Ukimuuliza Mswahili mwenye adabu anacheza vipi, atakwambia, "Aa, mimi mwanagenzi tu, najifunzajifunza." Umlete sasa uwanjani! Mwanagenzi anakupiga sevu hujaiona, unaisikia kwenye uzio nyuma yako. Huo ni unyenyekevu mzuri sana msibani na harusini. Kwenye tenisi umempotezea mtu jioni yake, sawasawa na mimi nilivyompotezea yule bwana kwa kujikweza. Tena wengine wanaufanya kwa makusudi. Msimu mmoja tulikutana na timu, siitaji, ambayo mchezaji wake wa 3.0 aliyejipangia mwenyewe alikuwa amecheza chuoni miaka minne. Tulijua kwa sababu mama yake alikuja kutazama akiwa amevaa fulana ya chuo. Mfumo una dawa yake: aliyejipangia mwenyewe akicheza mechi tatu juu mno ya daraja lake, anaondolewa kwenye daraja hilo. Lakini mpaka afike tatu, watu watatu wamekwenda nyumbani wakidhani hawajui kitu.

Basi ukiulizwa, usijisifu na usijishushe. Sema ukweli kama unavyomwambia fundi cherehani kipimo cha kiuno. Ukimdanganya fundi, utakayebanwa ni wewe.

Na mtajuaje kwamba mmelingana? Hesabuni gemu za aliyeshindwa. Watu wa UTR wana kipimo kimoja ambacho nimekipenda, hakihitaji kompyuta: ili kushinda seti mbili unahitaji angalau gemu 12, kwa hiyo aliyeshindwa akipata zaidi ya nusu ya hizo, yaani saba au zaidi, mechi ilikuwa na ushindani. 6-4, 6-3 ni mechi. 7-5, 6-2 ni mechi. 6-2, 6-2 mara moja inaweza kuwa siku mbaya, ikitokea mara tatu mfululizo basi nyinyi ni marafiki, endeleeni kunywa chai pamoja, ila kila mmoja atafute mtu mwingine wa kuhesabiana naye. Na kufungwa 6-4, 6-4 na mtu yuleyule miezi sita mfululizo kusikuhuzunishe. Huyo mshike. Mimi ninaye mmoja wa namna hiyo, Mkongo wa Bukavu, amekaa pale anacheka. Hajawahi kunifunga kwa zaidi ya gemu tano na hajawahi kuniacha nishinde. Nimejifunza kwake kuliko kwa mwalimu yeyote niliyemlipa.

Lakini usiwe na mtu wa aina moja tu. Tafuta mmoja anayekuzidi, atakuonyesha mashimo yako yalipo. Tafuta wawili watatu mnaolingana, hao ndio watakaokufundisha kufunga mechi ukiwa 5-4 na mkono unatetemeka. Na uwe na mmoja unayemzidi, umwendee kwa heshima, kwa sababu ndiye pekee utakayethubutu kujaribia kwake ile sevu mpya. Huyo anayekuzidi umlipe. Simaanishi pesa. Anayeomba mchezo ndiye anayekuja na kopo jipya la mipira, ndiye anayefika mapema kushika uwanja, na ndiye anayefuata ratiba ya mwenzake. Wengi wanashangaa mtu wa 4.0 amekubali mara moja halafu akapotea. Ukimuuliza atakwambia, alikuja na mipira mitatu ya mwaka jana iliyokufa, akachelewa dakika ishirini.

Hapo kwenye kuchelewa, naomba tusameheane lakini tuambizane. Uwanja wa umma unapewa saa moja na nusu. Ukichelewa dakika ishirini umekula karibu robo. Na saa zenyewe tuwe wazi, maana sisi tuna saa mbili za aina mbili. Mwaka jana niliandika kwenye kundi letu, "Jumamosi saa mbili, mtu yeyote wa 3.0 aje." Tukacheza, tukamaliza, tukaenda zetu saa nne. Mchana napokea picha: uwanja mtupu, raketi imeegemezwa kwenye neti, na kijana mmoja aliyekulia hapa ameandika, "Nimefika shikamoo, mko wapi?" Saa nane kamili ya mchana. Yeye alisoma saa mbili kama Mmarekani. Tangu siku hiyo naandika "saa mbili asubuhi", na namba ya Kizungu nyuma yake.

Basi ujumbe wenyewe uandikwe hivi, huu ni wangu, unaweza kuuchukua: "Habari za leo. Ni 3.0, nacheza zaidi wawili wawili, nina miaka 47 na goti moja linalalamika. Natafuta mtu wa kurudishiana mpira Jumanne saa kumi na mbili jioni kwa saa moja na nusu, hatuhesabu pointi. Mipira ninayo." Angalieni kilichomo. Namba imo, siku imo, na pia kazi tunayokwenda kuifanya imo. Kuna mtu anataka jasho, kuna mtu anataka mechi, kuna mtu anataka kupiga bekihendi mia mbili kwenda kona moja. Wawili wa 3.5 wanaotaka vitu tofauti wataudhiana kuliko 3.0 na 4.0 waliokubaliana.

Wenye ndoa, nimewaona, mmekuja wawili wawili na mmoja amenuna. Mume ni 4.0, mke ni 2.5, au kinyume chake kama kwetu. Yapo ya kufanya. Mipira ya watoto ina rangi: mwekundu, wa rangi ya chungwa, halafu wa kijani, ambao mwendo wake umepungua kwa kama robo kuliko wa mpira wa kawaida. Chukueni wa kijani. Mtu mzima haoni haya kwa mpira, na mkipiga ishirini bila kuanguka mtasahau kabisa rangi yake. Au mwenye nguvu alinde uwanja mpana, pamoja na vile vichochoro vya pembeni, mita 10.97, na mwenzake alinde wa ndani tu, mita 8.23. Au kila gemu ianze 15 au 30, yaani pointi moja au mbili za bure, kwa anayezidiwa. Mke wangu alinipa 30 kila gemu kwa mwaka mzima. Sasa ananipa 15, na nazipigania hizo 15 kama shamba la urithi. Mkitaka ligi pamoja, ya mchanganyiko inajumlisha namba zenu: kwenye kundi la 7.0 anaingia 4.0 na 3.0, au 3.5 na 3.5.

Naona mwenyekiti amesimama, basi nimemwelewa.

Pale mezani, karibu na birika la chai, kuna karatasi ya mistari minne. Jina, namba unayoidhania, siku na saa zako, na unachotaka: jasho, mechi au mazoezi. Usiyejua namba yako acha wazi, ukimaliza chai njoo uwanja wa tatu, tutarudishiana mipira dakika kumi, nitakwambia naona nini, na yule Mkongo wangu ataniambia kama nimekosea. Baada ya wiki nne tutaichukua karatasi tena, na kila mtu atairekebisha namba yake kwa kalamu, mbele ya watu.

Wa kwanza ni nani? Mzee, naona umeshavaa viatu. Mipira ninayo.